Kuba la Rangi ya Fedha

Miaka ile simu zilikuwa za kubonyeza, na baharia aliyetaka kumwona mwanawe alisubiri bandari. Ndiyo maana fundi Delfin alipopanda melini pale bandarini Cebu, Ufilipino, na kuba jeupe la plastiki, mabaharia wa Santa Filomena walilipokea kama sanamu ya mtakatifu. Wanne walilibeba polepole, vichwa wazi, hadi juu ya chumba cha usukani.

Delfin alilifunga kwa bolti, akashusha waya hadi kwenye televisheni ya chumba cha kulia.

"Ndani mna dishi linaloitafuta setilaiti lenyewe," alieleza. "Nitasafiri nanyi hadi bandari ya Zamboanga kulijaribu. Msiliguse."

Mzee Takyo, au Mang Takyo kwa lugha yao, serahangi wa meli, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitahani, alimeza kila neno isipokuwa la mwisho. Jumapili saa sita mchana bintiye Luningning angeimba kwenye televisheni, katika mashindano ambayo nchi nzima huyatazama ikila wali. Baba mtu alikuwa baharini binti alipozaliwa, alipobatizwa, alipong'oka meno na alipohitimu shule. Alibaki na kumbukumbu ya likizo moja tu: mtoto wa miaka sita akianika shuka uani, akiuimbia ukuta wa jirani kana kwamba umelipa kiingilio.

Sasa, serahangi ana imani yake: kisichotembea hupakwa rangi. Takyo alikwisha kupaka nanga, ndoo, na safari moja kiatu cha mpishi aliyesinzia. Basi Jumamosi, kwa heshima ya bintiye, alipanda juu akalipaka kuba rangi ya fedha iliyosalia ya bomba la moshi. Alirudia mara mbili. Liling'aa kama kengele ya kanisa.

Jumapili saa nne televisheni ilionyesha chenga tupu.

"Nani kapaka?" Delfin alifoka kutoka juu.

"Mimi. Si limependeza?"

"Mzee, rangi hii ina unga wa alumini! Umeifunika antena kwa sufuria!"

"Kumbe mitambo yako inachagua nguo?"

"Kwangua, mzee! Utani baadaye."

Walikwangua kwa msasa na visu vya jikoni. Saa sita kasoro dakika tano nusu ya kuba ilikuwa safi, picha ikarudi, watu wakashangilia. Kisha meli ikazunguka kisiwa, upande uliobaki na rangi ukaikabili setilaiti, chenga zikarejea.

Takyo alisimama mlangoni pa chumba cha usukani, kofia mkononi.

"Kapteni, miaka ishirini na sita sijakuomba hata dawa ya kichwa. Geuza meli."

Kapteni Sarmiento alimkodolea macho. "Nina magunia elfu nane ya saruji humu."

"Najua. Mimi ndiye niliyeyapanga."

"Wimbo wenyewe dakika ngapi?"

"Nne."

"Nne tu. Na mtu akiuliza, tulikwepa gogo."

Santa Filomena ikageuza pua, taratibu, kwa adabu zote. Picha ikatulia. Msichana mrefu wa gauni la njano aliimba, na chumba kizima kikaacha kutafuna.

"Mabega ya mama yake," Takyo alinong'ona. "Yametoka lini?"

Jaji wa kwanza alipofungua mdomo, meli ilirudi njiani. Chenga.

"Nimwombe Kapteni dakika moja ya matokeo?" Delfin aliuliza.

"Ya nini? Nimemsikia."

Akabaki amekaa mbele ya zile chenga, nyusi zake zimejaa rangi ya fedha, sahani ya wali imepoa mapajani.