Kisanduku cha Nchi

Fomu ilikuwa imekwama palepale tangu watoke kanisani. Jina: Achola. Mji aliozaliwa: Yerusalemu. Chini yake kilifuata kisanduku cha nchi, na kila alipokiacha wazi kompyuta iligoma kwenda mbele, ikamwandikia kwa maandishi mekundu kwamba lazima kijazwe. Kesho adhuhuri muda wa kuituma ungekwisha, na kibali chake cha kuishi Sweden kingekwisha nao.

Yote yalianzia kwa Mzee Zachariah, katibu wa kanisa, ambaye huwajazia fomu nusu ya Wakenya wa mtaa wao wa Vårby gård. Miaka miwili iliyopita alifungua ramani iliyo nyuma ya Biblia yake, akaweka kidole, akaandika "Israeli" kwenye fomu ya kwanza ya kibali bila kumuuliza mtu. Achola akatia sahihi. Sasa ofisi ya uhamiaji ilikuwa imemletea barua: cheti chake cha kuzaliwa kina mji tu, hakina nchi, hospitali yenyewe iko upande wa mashariki wa mji, na upande huo ni wa nani kisheria, bado jambo hilo linabishaniwa. Athibitishe mwenyewe, kwa kiapo.

"Athibitishe nini tena?" Mzee Zachariah, aliyeketi nao mezani, alisema, sambusa mkononi. "Mfalme Daudi alitawala akiwa wapi, mtaa wa Farsta hapa Sweden?"

"Mzee, shikamoo yako nimeshakupa mlangoni, sasa niache niseme," alidakia Maya, rafiki yake Achola wa kazini, akikaza ushungi. "Mashariki ni Palestina. Msikiti wa Al-Aqsa uko huko."

"Na Kaburi la Bwana liko wapi?"

"Hukohuko, mzee! Unatembea tu kwa miguu. Ndiyo maana hawaishi kugombana."

Achola alimgeukia mama yake, Josephine, ambaye zamani alikuwa mpishi katika nyumba ya mahujaji, ndani ya kuta za mji ule.

"Mama, siku ile ulikuwa nchi gani?"

"Nilikuwa kitanda cha tatu, karibu na dirisha. Adhana ilianza, kengele zikafuata, nawe ukalia ukazishinda zote. Mtoto anatoka, mimi nianze kuulizia serikali?"

Wote walicheka isipokuwa Achola. Akiandika Israeli, anaapia jambo ambalo barua inasema halijaamuliwa. Akiandika Palestina, anajikana mwenyewe, maana sahihi ya kwanza ilikuwa yake, si ya Mzee Zachariah. Akiacha wazi, hana kibali.

Aliteremsha orodha ya nchi taratibu, akazipita zote mpaka chini kabisa. Neno la mwisho lilikuwa "Haijulikani".

Alilibonyeza. Yale maandishi mekundu yakatoweka. Akaapa, akatia sahihi, kwamba nchi aliyozaliwa haijulikani, ilhali aliyemzaa yuko mbele yake, anapangusa makombo ya sambusa mezani.

"Hatimaye umeandika nini?" mama akauliza, akisogea na kitambaa chake.

"Nimeshamaliza, mama," Achola akajibu, akaifunga kompyuta kabla hajafika.