Bunduki ya Emerensiana

Siku ya Jumanne, Machi 1994, Emerensiana aliingia duka la Aliakbar mjini Lindi akiwa na kibali cha polisi kilichokunjwa mara nne. Nguruwe pori walikuwa wamemaliza mahindi yake kule Likawage misimu miwili mfululizo. Wa tatu ukienda vilevile, angeliacha shamba.

Aliakbar aliweka bunduki tatu mezani. Emerensiana alizijaribu kama anavyojaribu mchi: aliinua, akashusha, akalisikiliza bega lake.

"Mama, unanunua au unatwanga?"

"Itakayonichosha siitaki," alisema, akachukua ya katikati.

Mzee Leonadi, askari mstaafu wa wanyamapori, alimfundisha wiki mbili. Kitako kikae begani. Pumzi itoke nusu. Triga usiivute, ibane. Siku ya tisa Emerensiana alitoboa kopo la maziwa kwa umbali wa hatua sitini.

"Sasa wewe mwanamume," Leonadi alisema.

"Mzee, usinishushe cheo."

Nguruwe walikuja saa kumi na moja jioni, wakiwa kumi na mmoja. Emerensiana alilenga jike kubwa, akafyatua. Risasi ilitoka vizuri, ikafika kwenye kigingi cheupe ambacho kampuni ya uwindaji ilikichomeka katikati ya mahindi ilipokodishwa pori lile, ikasimama hewani. Ilikaa pale kama mtu anayesoma tangazo. Kisha ikageuka, ikarudi taratibu na kutua kiganjani mwake, ingali ya moto.

Akafyatua nyingine. Nayo ikarudi.

"Umelenga sawasawa," Leonadi alisema. "Ila hawa wana wenyewe."

"Na mahindi?"

"Mahindi ni yako."

Alifyatua kila jioni. Baada ya wiki mbili nguruwe hawakuinua tena vichwa. Mwezi wa sita Emerensiana alivuna nusu debe.

Julai msimu wa uwindaji ulifunguliwa. Mgeni wa kampuni alipiga nyati akiwa juu ya gari. Risasi yake ilivuka vigingi vyote, ikaingia kwa dirisha la jiko la Emerensiana, ikakwepa sufuria, ikatokea mlangoni na kumwangusha nyati kando ya kisima. Wageni walipiga picha, wakaomba maji. Emerensiana aliwapa, kisha akaendelea kufunga mizigo.

Leonadi alimsindikiza hadi kwenye lori. Aliwaambia abiria kwamba hajapata kumfundisha mtu mwenye shabaha kama mama huyu. Hakuna aliyebisha.