Kichwa Kikavu cha Gozbert

Asubuhi ya Jumamosi Kuu ya mwaka 1951, Auleria alikuwa nyuma ya nyumba ya Mwinjuma, kule Mtoni, akimenya mihogo. Aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa hakuwa na kiti kingine. Mihogo hiyo angeichemsha kwa tui na kuwauzia wachukuzi wa ghala la mbata. Anga lilikuwa jeupe, bila wingu.

Maji yalimshukia utosini, kiasi cha kujaza kiganja, yakateremka shingoni. Alisubiri. Yakaja tena, kisha mara ya tatu, halafu yakakoma. Auleria aliisogeza sufuria ya mihogo chini ya upenu, akajipangusa kwa ncha ya khanga, akaendelea kumenya.

Mwinjuma, mwenye nyumba, alikuwa akitengeneza ua wa makuti karibu naye.

"Mvua ya mtu mmoja," alisema. "Ikija tena, Mama Felicitas, jongea kwenye migomba yangu. Inakauka."

Auleria alimjibu kwamba atajongea.

Muda uleule, katika kanisa la kigango cha Temeke, Padre alikuwa akimbatiza Gozbert. Alimwinamisha juu ya beseni, akamtaja Baba akamimina, akamtaja Mwana akamimina, akamtaja Roho Mtakatifu akamimina. Maji yalitoka kwenye kombe lakini hayakufika popote. Nywele za Gozbert zilibaki kavu na beseni likabaki tupu. Katekista Albano, aliyeshika taulo, alilitundika begani likiwa limekunjwa vilevile. Padre alichungulia ndani ya kombe, akamaliza sala, akamwita mtu aliyefuata. Huyo alilowa vizuri.

Gozbert alikuwa karani wa ghala la mbata la Husseinali Bandali, kando ya barabara ya Kilwa. Alitoka Bukoba akiwa na wake wawili, Demetria na Auleria, na wote watatu waliingia darasa la ubatizo siku moja. Kwa desturi ya kigango hicho, mwanafunzi alichagua jina la ubatizo siku ya kwanza na kuitwa kwalo tangu hapo, ili alizoee. Albano alifundisha barazani baada ya saa za kazi. Fundisho alilolipenda lilikuwa hili: Mungu hupakua, lakini mtu hula kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna anayelishwa kwa nguvu.

Walipokaribia mwisho wa mafundisho, Gozbert aliambiwa kwamba mwenye wake wawili habatizwi. Aliambiwa kwamba yuko huru kuchagua mmoja, na kwamba kwa sheria ya Kanisa angemchagua yule wa kwanza. Gozbert alichagua. Demetria, aliyekuwa mke wa kwanza na hakuwa na mtoto, alibaki nyumbani na kuendelea na darasa hadi ubatizo. Auleria, aliyekuwa wa pili na aliyekuwa na mtoto, alihamia chumba cha uani kwa Mwinjuma. Albano alimweleza kwa upole kwamba jina la Auleria aliweke kando kwanza, litamngojea. Watu walikuwa wamekwisha kulizoea, wakaendelea kulitumia.

Mtoto aliitwa Felicitas. Alibatizwa akiwa mchanga, siku aliyopatwa na homa kali, na kwa sababu hiyo wazee wa kigango waliamua kwamba hawezi kulelewa na mwanamke asiyebatizwa. Alibaki kwa baba yake. Siku mama yake atakapokuwa Mkristo, walisema, mtoto atarudi kulala kwake. Lakini kwanza mama aonekane anaishi peke yake, kisha aanze mafundisho upya. Auleria aliishi peke yake. Hata hivyo aliuza mihogo kwa wachukuzi, na wazee hawakukubaliana kama mwanamke anayezungukwa na wanaume kila adhuhuri anaweza kuhesabiwa kuwa peke yake. Jambo hilo liliahirishwa, na kila kikao kililiahirisha tena.

Jumapili ya Pasaka Padre alipita katikati ya waamini akiwanyunyizia maji ya baraka. Matone yaliyoelekezwa kwa Gozbert hayakumpata. Bega la Auleria lililowa akiwa anafagia uwanja. Siku iliyofuata ghala lilipofunguliwa tena, Gozbert alisimulia habari za kichwa chake, na Mwinjuma, aliyekuwa ameleta mbata zake, akasimulia habari za mpangaji wake. Waliona kwamba ni habari moja. Wakarudi kwenye kazi.

Mpima mizani wa ghala, Zakaria, alikuwa mtu wa uamsho wa misheni nyingine. Alisema jambo liko wazi. Mungu huchagua walio wake kabla hawajazaliwa, na akishachagua, mkono wa padre hauwezi kumwelekeza mahali pengine. Mwanamke yule ameteuliwa.

"Na mimi?" Gozbert aliuliza.

"Wewe u mkavu, Bwana Gozbert."

"Nimesoma darasa zima, Zakaria. Sikukosa hata siku moja. Nimeacha mke."

"Ndiyo. Na u mkavu."

Bwana Bandali, aliyekuwa akikagua magunia, aliombwa atoe maoni kwa kuwa alikuwa mtu mzima na mtu wa dini yake. Alisema kwao Washia hufundishwa kwamba mwanadamu hakulazimishwa wala hakuachiwa, na kwamba jambo liko kati ya mawili hayo. Alisema pia wanafundishwa kwamba Mungu ni mwadilifu. Kisha akauliza mtoto analala wapi. Gozbert alipomwambia, Bwana Bandali alitikisa kichwa, akaonyesha gunia lililokuwa na mbata zenye ukungu, akaagiza lirudishwe juani.

Padre hakuwa mtu wa kupuuza mambo. Aliamua kumbatiza Gozbert tena kwa sharti, akianza kwa maneno "kama hujabatizwa", na akamtuma Albano kwa Mwinjuma akashuhudie. Albano alimkuta Auleria akiosha sufuria. Alikaribishwa juu ya mbuzi ya nazi, akaketi. Walizungumza habari za bei ya nazi. Kengele ya kanisa ilipolia, maji yalimshukia Auleria mara tatu. Albano alirukiwa na matone machache mkononi, akafanya ishara ya msalaba kwa kuwa alijua yametoka wapi. Aliporudi alitoa taarifa kwamba yalikuwa maji ya kawaida, yenye ubaridi wa mtungi, na kwamba yalimlowesha ngozi, si nywele tu.

Hilo la ngozi lilikuwa na uzito. Padre alijua kwamba maji ya ubatizo yakigusa ngozi, huku maneno yakitamkwa, yaliyobaki ni machache.

Baada ya wiki, Auleria aliitwa barazani kwa kanisa. Alivaa khanga yake nzima na kuja na Mwinjuma, ambaye aliketi nje ya baraza kwa heshima, kama Mwislamu aliyefika kwa shughuli za watu. Padre alikuwapo, na Albano, na wazee wa kigango. Gozbert na Demetria waliketi upande wa pili, na Felicitas alikuwa amesimama katikati ya magoti ya Demetria. Auleria aliwaamkia wazee, kisha akamtazama mtoto. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri. Hakuwa amezisuka yeye.

Padre alieleza swali kwa utaratibu. Maneno yalisemwa kwa Gozbert, maji yakaenda kwa mwanamke huyu. Ikiwa ubatizo ni wa mwanamke, basi yeye ni Mkristo tangu Jumamosi Kuu, na mambo yote yaliyotegemea hilo yafuate. Wote walimtazama mtoto, kwa sababu mambo hayo yote yalikuwa ni yeye. Lakini mtu mzima habatizwi pasipo nia. Mungu aweza kutuma maji popote apendapo. Ambalo Kanisa linapaswa kuuliza ni kama aliyelowa alitaka.

Albano ndiye aliyeuliza, kwa kuwa alikuwa mwalimu wake.

"Ulitaka ubatizo?"

"Nilitaka, Mwalimu. Nilikuja darasani. Ukaniambia niweke kando jina."

"Nauliza juu ya saa ile. Maji yalipokushukia, ulikuwa umeyataka?"

Mwinjuma alikohoa kule nje, kikohozi cha mtu anayemkumbusha mwenzake jambo. Auleria angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyekuwa ndani ya moyo wake asubuhi ile. Lakini Albano mwenyewe alikuwa amemfundisha, barazani hapohapo, kwamba mbele ya Mungu mtu husema lililo, na Auleria alikuwa mwanafunzi mzuri.

"Saa ile nilikuwa namenya mihogo," alisema. "Nilikuwa nawaza tui halitatosha."

Albano aliinamisha kichwa. Padre alimshukuru kwa ukweli wake, na alimshukuru kwa dhati. Wazee walijadiliana muda mfupi kuliko ilivyotarajiwa. Uamuzi ulikuwa kwamba Gozbert, aliyetaka kwa moyo wake wote na kutimiza masharti, amebatizwa kwa tamaa yake, ingawa hakulowa. Mungu huitazama hiari. Auleria amelowa, lakini bila hiari, na kwa hiyo bado hajabatizwa. Aweza kuanza mafundisho upya, atakapoonekana anaishi peke yake.

Kwa nini basi asibatizwe siku ileile, kwa kuwa sasa ameulizwa na kujibu kwamba alitaka? Mwinjuma ndiye aliyeuliza hilo, akiomba radhi kwa kuingilia. Padre alifikiri. Alisema ni swali zuri, na kwamba utaratibu una sababu zake.

Walipokuwa wakitoka, Demetria alichelewa kidogo mlangoni.

"Mimi nami sikuchagua, mwenzangu," alisema.

"Najua. Anakula?"

"Anakula. Viazi hataki."

"Viponde na maharage. Atakula."

Demetria alisema atavifanya hivyo. Alimshika Felicitas mkono, wakaondoka kuelekea nyumbani kwao, na Auleria na Mwinjuma wakaondoka kuelekea Mtoni. Njiani Mwinjuma alimwambia kwamba angekuwa yeye angesema uwongo, kisha akatubu kwa desturi yake mwenyewe, iliyo fupi zaidi. Auleria alicheka kidogo. Walipofika, alitia mihogo majini kwa ajili ya kesho.

Gozbert na Demetria walifunga ndoa kanisani baada ya Pentekoste. Padre alizibariki pete kwa maji, na Auleria alilowa vidole. Zakaria wa mizani aliendelea kusema kwamba Gozbert hakuteuliwa, na Albano aliendelea kufundisha kwamba Mungu hupakua na mtu hula kwa mkono wake. Wazee waliendelea kuahirisha. Gozbert alipata heshima ya kushika kapu la sadaka, na watu walimzoea kama watu wanavyomzoea jirani mwenye chongo. Yeye mwenyewe, alipoingia kanisani, alichovya vidole katika maji ya baraka mlangoni kama wengine wote, akajigusa paji la uso, kisha akachovya tena na kumgusa Felicitas. Vidole vyake vilitoka vikavu mara zote mbili.

Kule Mtoni Auleria alipata tone moja kwenye paji la uso, na baada ya kitambo kidogo, tone la pili. La pili lilikuwa dogo na lilitua chini zaidi, karibu na nyusi, kwa kuwa Gozbert alikuwa akiinama na kumgusa mtoto kwa haraka. Kwa hilo alijua kwamba Felicitas amefika kanisani, anatembea, na ni mzima.

Jumapili moja ya msimu wa vuli lilikuja tone moja tu. Auleria aliliacha jungu jikoni, akatembea hadi nyumbani kwa Gozbert. Demetria alimwambia mlangoni kwamba ni homa, ya kawaida, na kwamba mtoto amelala. Hakusema ingia, kwa kuwa hilo halikuwa lake kusema. Auleria alisimama nje chini ya dirisha mpaka alipomsikia mtoto akikohoa na kuomba maji, na maji yakaletwa na mtu mwingine. Kisha akarudi.

Jumapili iliyofuata, kengele ilipolia, alikuwa juu ya mbuzi yake na kisu mkononi. Alikuwa amekwisha kuisogeza sufuria chini ya upenu. Tone la kwanza likaja. Auleria aliinua uso, akafumba macho, akangoja la pili. Likaja. Alilipangusa, akachukua muhogo mwingine.