Kitabu Kilichohamia Kulia

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Bi Kimya alifungua maktaba ya mji, akafuta meza ndefu, akauweka muhuri wa tarehe karibu na mkono wake wa kulia, kisha akakuta kitabu cha ufugaji wa nyuki kimesimama katikati ya hadithi za mapenzi. Akakirudisha mahali pake. Saa saba akafunga mlango akaenda kula. Aliporudi saa nane kilikuwa kwenye mapenzi tena. Akakiacha, maana alikuwa na kazi nyingine.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya maji. Ukuta wa kushoto ulikuwa na kibao kilichoandikwa HADITHI, na vitabu vyake vilibandikwa utepe mwekundu mgongoni. Ukuta wa kulia ulikuwa na kibao cha VITABU VYA KWELI, na utepe wake ulikuwa wa kijani. Katikati palikuwa na viti vinane, kimoja kibovu, cha kutazamwa tu. Jina la Bi Kimya alipewa na watoto aliowanyamazisha kwa miaka ishirini na mitatu, na sasa hata barua za Baraza la Mji zilimwita hivyo.

Kufikia mwisho wa mwezi vitabu kumi na viwili vilikuwa vimehama, vyote saa ya chakula cha mchana, mlango ukiwa umefungwa. Kuhusu kile cha nyuki, ilikuja kujulikana kuwa mwandishi wake hakuwahi kufuga hata nzi. Maisha ya tajiri mmoja, aliyoyaandika mwenyewe, yalivuka kwenda kushoto kwa siku moja tu, kama mtu anayewahi kiti. Historia ya Baraza la Mji ikafuata, juzuu zote mbili. Vilivyotoka kushoto kwenda kulia vilikuwa vichache. Kimoja kilikuwa hadithi fupi ya mwoka mikate mwenye nyumba ya pili upande wa pili wa mto. Mke wa mwoka mikate wa mtaa ule aliiona kulia, akaiazima akidhani ni ya mapishi. Aliirudisha siku ya tatu, akauliza kama kuna kitabu cha sheria.

Wasomaji walifurahi. Mtu akija kutafuta dawa ya kuku aliondoka na hadithi ya mapenzi, akairudisha macho mekundu na kuku wazima. Vijana waliozoea riwaya za majambazi walijikuta wameazima kitabu cha nyota, na wengine cha kuchimba visima, wakasoma mpaka mwisho. Mzee wa Magazeti, mstaafu aliyekuja kila siku kusoma gazeti kuanzia ukurasa wa nyuma, alisema kwa mara ya kwanza maktaba ina mpangilio.

"Lisemwalo lipo," alisema, "kama halipo laja. Vitabu vimeamua kutusaidia kupanga."

Kisha *Darasa la Juu* likaanza kuhama.

Kilikuwa kitabu cha kurasa sitini na moja, kilichopigwa chapa kwa mashine ya kuazima na kushonwa kwa uzi wa viatu. Mwandishi wake alikuwa fundi mwashi, aliyekileta maktaba miaka minne nyuma akiwa amekifunga kwenye kitambaa safi. Bi Kimya alikisoma wakati ule akakipa utepe mwekundu. Kilisimulia habari za shule ya ghorofa moja iliyojengwa haraka ili wageni wakubwa waje kuizindua. Palipotakiwa mifuko mitatu ya saruji uliwekwa mmoja, na nondo zilikuwa nyembamba kama kidole cha mwisho. Shule haikutajwa jina, ila mlango wake ulikuwa wa bluu na ngazi yake ilipinda kushoto. Katika ukurasa wa hamsini na nane, siku ya Ijumaa baada ya mvua ya kwanza, kipindi cha insha, ukuta wa mashariki uliangukia darasa la tano, watoto arobaini na mmoja na mwalimu wao.

Mjini palikuwa na shule moja ya ghorofa. Mlango wake ulikuwa wa bluu. Ngazi yake kila mtu anajua inapinda wapi.

Kitabu kilihama taratibu, rafu moja kwa kila saa ya chakula. Bi Kimya alikirudisha mara tisa. Alipokiinua mara ya tisa alikuta vumbi la kijivu chini yake, na mgongo wake umepata ufa. Akaubandika gundi. Kesho yake ufa ulikuwa umerefuka hadi kwenye utepe. Mzee wa Magazeti alikiomba, akakiweka sikioni.

"Wanavuta madawati," alisema. "Sasa wamenyamaza. Nadhani mwalimu ameingia."

Bi Kimya aliogopa. Tuseme hivyo wazi, kwa sababu yeye hakumwambia mtu. Chai ilikuwa ikipoa mezani pake mpaka inafanya utando. Mpwa wake, binti wa mdogo wake, alikuwa darasa la tano.

Halafu akaona kwamba kutoka kulia kuna kitabu kingine kinachokuja. Kilikuwa *Taarifa ya Ukaguzi wa Majengo ya Shule*, chenye jalada gumu na utepe wa kijani, na saini ya Mkaguzi wa Majengo ukurasa wa mwisho. Nacho kilikwenda rafu moja kwa siku. Jumatano viwili hivyo vilikutana juu ya meza ndefu, vikalala ubavu kwa ubavu. Alhamisi kila kimoja kilikuwa kimepanda upande wa mwenzake. Mkaguzi alikuwa mume wa mdogo wake.

Bi Kimya alifungua ukurasa wa hamsini na nane. Paliandikwa watoto arobaini. Akajiambia labda miaka minne imemchanganyia kumbukumbu, maana yeye alikumbuka arobaini na mmoja. Akafunga maktaba kabla ya wakati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya msiba wa mama yake, akaenda kwa fundi mwashi.

Fundi alikuwa amekaa mlangoni pake akimenya viazi. Mikono yake ilikuwa bado na makovu ya chokaa. Hakuuliza mgeni amefuata nini.

"Kimeshavuka?" alisema.

"Kimevuka leo. Fundi, si ungesema?"

"Nilisema, mama. Niliandika barua sita. Ya saba nikaona niiandike vizuri, niweke na watu ndani, labda itasomwa. Ikawa ndefu ikawa kitabu. Nikampelekea Mkaguzi mwenyewe. Alikisoma chote, sina neno naye."

"Akasemaje?"

"Akasema nina kipaji."

Akamenya kiazi kingine, akakitoa jicho kwa ncha ya kisu. "Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia nani anakuwa chini yake."

Bi Kimya alirudi nyumbani kwa miguu, akipita mbali na shule. Usiku ule hakulala, na asubuhi alituma ujumbe kwa Mkaguzi kwamba kuna kitabu chake maktaba kinahitaji kuangaliwa.

Mkaguzi alifika saa nne, shati limepigwa pasi, akasalimia kwa heshima zote. Alikuwa mtu mzuri. Msiba ukitokea alikuwa wa kwanza kuleta viti. Alisimama mbele ya ukuta wa kulia akakitazama *Darasa la Juu*, kisha akaenda kushoto, akaitazama taarifa yake ilivyobanwa kati ya hadithi ya sungura na hadithi ya majini.

"Shemeji, hivi vimekosea rafu," alisema.

"Kimoja nimekirudisha mara tisa, shemeji."

"Badilisha tepe."

"Nilibadilisha. Zinabanduka saa saba."

Mkaguzi alifikiri. Hakushtuka, maana katika kazi yake alikuwa ameona mengi. Akapitisha kidole kwenye rafu, akalitazama vumbi la kijivu, akalifuta kwa leso yake na kuikunja leso vizuri.

"Shemeji," Bi Kimya alisema, "mtoto yuko darasa la tano."

"Mtoto hajambo kabisa. Tulimhamisha muhula uliopita, yuko shule ya ng'ambo ya mto. Kwani dada yako hakukwambia? Nitamgombeza."

Bi Kimya alikaa kwenye kile kiti cha nane, kile cha kutazamwa tu, nacho kikamvumilia. Nafuu ilimjia kwanza, nafuu kubwa, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Aliona aibu kabla hajamaliza kushukuru. Kisha hofu ikarudi, kubwa kuliko ya mwanzo, kwa sababu sasa hakukuwa tena na kitu cha kutilia shaka. Arobaini na mmoja, toa mmoja.

"Na wale wengine?" aliuliza.

"Taarifa inasema jengo ni imara," Mkaguzi alisema kwa upole, akiinyooshea kidole kule ilipo, kwenye majini. "Mimi siwezi kuipinga taarifa."

Jumatatu iliyofuata ilikuja barua ya Baraza la Mji yenye mihuri miwili. Ilimpongeza Bi Kimya kwa ongezeko la wasomaji. Ikasema kwamba, ili kuwapa wananchi nafasi ya kugundua vitabu vya kila aina bila vikwazo, mgawanyo wa kushoto na kulia umefutwa. Seremala akaja na ngazi, akashusha vibao viwili na kupandisha kimoja kipya, kizuri, juu ya mlango: VITABU. Tepe zote zikabanduliwa na kuwekwa kwenye ndoo. Tangu siku hiyo hakuna kitabu kilichohama, kwa kuwa hapakuwa na pa kuhamia. *Darasa la Juu* lilibaki lilipokuwa, likitoa vumbi.

Watu walisema maktaba imependeza.

Bi Kimya alijaribu. Mshona nguo wa mtaa wa juu alikuja kuazima kitabu cha mitindo ya mikono, na binti yake alikuwa darasa la tano. Bi Kimya alimvuta nyuma ya rafu.

"Mama, mtoe binti yako pale shuleni. Mtoe wiki hii, mvua haijaanza."

"Kuna nini?"

"Ukuta wa mashariki. Utaanguka."

Mshona nguo aliutia mkono kifuani. Alikuwa mama, na aliogopa upesi. "Nani kasema?"

"Nimesoma kwenye kitabu."

"Cha hadithi au cha kweli?"

Bi Kimya aligeuka. Akatazama juu ya ukuta wa kulia, pale palipokuwa na kibao, akaona matundu manne ya misumari.

"Kilikuwa kulia," alisema.

"Sasa hivi si vyote vimechanganywa?" Mshona nguo alishusha mkono wake polepole. Alikuwa akimwonea huruma. "Bi Kimya, umefanya kazi miaka mingi mahali pa kimya. Pumzika kidogo. Yule mtoto nikimtoa mwaka huu nitampeleka wapi?"

Mshona nguo alipoondoka, Bi Kimya alikimbilia ukurasa wa hamsini na nane. Arobaini.

Aliandika barua kwa Baraza. Walimjibu kwamba ana kipaji.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatano, ikapiga mabati ya ofisi ya maji kutwa nzima. Alhamisi anga ilikuwa safi, na saa saba kasoro dakika tano, Bi Kimya alipokuwa akitafuta ufunguo, akaingia msichana mwenye sare na soksi zilizolowa. Alikuwa binti wa mshona nguo.

"Shikamoo, Bibi. Naomba kitabu kizuri. Mwalimu kasema tusome kitu chochote, tukitaka cha hadithi, tukitaka cha kweli, halafu tukiandikie insha."

"Chagua," Bi Kimya alisema. "Hapa kushoto kuna vizuri sana. Kuna cha nyuki."

Lakini msichana alikuwa ameshakwenda kulia. Alipitisha kidole kwenye migongo ya vitabu kimoja kimoja, kama watu wanavyofanya wanapokuwa na furaha ya kutojua, akakisimamisha kwenye kile chenye uzi wa viatu.

"Hiki kinapiga kelele," alisema, akacheka. "Kinazungumzia nini?"

"Shule."

"Kinaishaje?"

Bi Kimya alimtazama. Msichana alikuwa na doa la wino kidevuni.

"Mwanangu, kesho usiende shule."

"Kesho ndiyo insha yenyewe, Bibi. Asiyekuja anapata sifuri."

"Pata sifuri."

Msichana alidhani ni utani wa wazee, akatabasamu kwa adabu. Akaandika jina lake kwenye kadi kwa herufi za kuunganisha, akikaza ulimi kwenye kona ya mdomo. Ng'ambo ya barabara kengele ililia. Akakipuliza kitabu vumbi, akakitia mkobani, akasema asante, akatoka mbio akiruka madimbwi, na sauti ya madawati ikaenda naye mpaka kwenye mlango wa bluu.

"Huyo atafika mbali," Mzee wa Magazeti alisema bila kuinua macho. "Anapenda kusoma."

Bi Kimya alibaki na kadi. Akagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha: Alhamisi, siku kumi na nne mbele, kama kanuni inavyosema. Akaipuliza mpaka wino ukakauka, akaiweka mahali pake.