Pombe ya Siku ya Saba

Baba alipozikwa, nilitia shayiri majini siku hiyohiyo, kwa sababu pombe ya siku ya saba haingoji mtu amalize kulia.

Pombe hiyo kwetu hainywewi kwa kiu. Warithi wakishainywa mbele ya majirani, maana yake wamekubali kugawana mali ya marehemu kwa sheria ya zamani, na hakuna wa kugeuka tena. Mmoja akikataa kunywa, mali inalala. Haigawanywi wala haiguswi.

Warithi tulibaki wawili: kaka yangu Mans, mtoto wa kwanza, na mimi Sinnevo, wa mwisho. Waliokuwa katikati yetu walichukuliwa na bahari na homa. Kwa sheria ya zamani, mashamba yanagawanywa, mwana wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Lakini nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa mwisho, awe mwanamume au mwanamke, maana wakubwa wamekwisha kujijengea. Kwa hiyo nyumba ya Gardi ilikuwa yangu. Nimezaliwa humo, nimemuuguza baba humo, na humo nimemzaa binti yangu Breta, ambaye alikuwa bado hajaota jino. Mume wangu Olav alikuwa Norwe akitafuta mbao za mashua, kwa kuwa kisiwani kwetu Unst hakuna mti unaomfika mtu kiunoni.

Hayo ni ya sheria ya zamani. Mwaka uliotangulia, wakubwa wa Edinburgh walikuwa wametangaza kwamba sheria za Kinorwe zimekwisha visiwani, sasa ni za Skoti tu. Na kwa sheria ya Skoti, ardhi na nyumba vyote ni vya mwana wa kiume wa kwanza. Tulisikia tangazo hilo kanisani, tukarudi nyumbani kukama ng'ombe, hatukuona kilichobadilika. Ila wiki ile ya msiba, nyapara wa Bwana Mkubwa, Mskoti anayetawala visiwa vyetu, alionekana akiingia kwa Mans, akatoka, kesho yake akaingia tena.

Nikawa nachuja pombe huku namwambia Breta aliyelala kikapuni, "Mjomba wako atakunywa, mama. Utaona." Yeye ananyonya kidole tu.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee Gutherom, aliyevua na baba mashua moja maisha yao yote. Ndiye majirani waliyemchagua asimamie mgawo. Alifika mapema kuliko ilivyohitajika.

"Nimekuja kuionja," akasema. "Mtu asije akafa kwa pombe ya mtoto wa Erasmus, watu wakasema msimamizi alikuwapo."

"Kaa, mzee. Hujaalikwa kuonja, umealikwa kugawa."

"Nitagawaje nikiwa mkavu?"

Nikampa kidogo. Akanywa, akalamba masharubu, akasema baba yangu alikuwa akipika nzito zaidi. Kisha akapunguza sauti. "Mans asipokunywa, binti yangu, mimi sina la kufanya. Unajua hilo?"

"Najua."

"Sisi tuliwekwa rehani. Mfalme wa Denmaki na Norwe alikosa fedha za kumwozesha binti yake, akamwachia mkwewe, mfalme wa Skoti, visiwa hivi. Babu yangu alingoja kukombolewa, baba akangoja, na mimi mpaka leo nachungulia bahari." Akacheka peke yake. "Labda walimsahau bibi harusi mwenyewe."

Majirani wakaingia, wakajaza mabenchi. Mwishoni akaja Mans na mkewe Isbel. Isbel ametokea Fife, huko Skoti. Amekaa kwetu miaka mingi, amezaa kwetu watoto wanne, na bado akipigwa na upepo wetu hulalamika kana kwamba umemvamia leo.

"Wifi, pole," akaniambia, akanikumbatia, akamchukua Breta kikapuni bila kuuliza. Mans hakunikumbatia. Aliketi karibu na moto, mikono magotini.

Nikajaza bakuli la mbao, lile la baba lenye mpini mmoja, nikampelekea yeye kwanza kwa kuwa ni mkubwa. Akalipokea, kwa sababu kukataa mkononi ni tusi. Akaliweka pajani. Chumba kizima kikaacha kutafuna.

"Kaka, pombe inapoa," nikasema.

"Haikuwa ya moto."

Mtu mmoja akacheka kidogo.

Mans akasema akitazama bakuli, "Nisikilizeni. Sikuja kugombana na mdogo wangu. Lakini sheria imebadilika, si mimi niliyeibadilisha. Nyapara anasema vyote ni vyangu, Gardi na mashamba. Jumatatu atakuja na karatasi yenye muhuri wa Bwana Mkubwa. Nikigawa leo kwa njia ya zamani, karatasi siipati."

"Na mimi niende wapi?" nikauliza.

"Sikufukuzi. Olav akirudi mtajenga."

"Kwa mawe gani na paa gani, Mans? Mbao alizofuata ni za mashua."

"Na mimi je?" Sasa alinitazama. "Umekuja kwangu Skau wakati wa mvua? Watoto wanalala ubavuni mwa ng'ombe kwa sababu upande wa pili unavuja. Shamba langu ni mawe. Nimevunja jembe mara ngapi, mzee Gutherom, si unajua? Huyu ana mtoto mmoja wa kikapuni. Mimi nina wanne, na wa tano yuko njiani."

Sikuwa nimejua habari ya wa tano. Nikamtazama Isbel, akainamisha uso kwa Breta akitabasamu. Ilinibidi nigeuke kidogo. Maneno ya kaka yangu yalikuwa ya kweli, na ukweli wake ulikuwa unanitoa ndani ya nyumba.

Gutherom akasema, "Baba yako hakuwa na karatasi. Wala baba yake. Ardhi ni yetu kwa kuwa ni yetu."

"Ndiyo maana ni rahisi kuichukua," Mans akamjibu. "Mtu mwenye karatasi hasumbuliwi."

"Ni kweli hiyo," Isbel akadakia, kwa kumsaidia mumewe. "Baba yangu mimi alikuwa na karatasi, hakuna aliyetusumbua. Kila mwaka unapeleka kuku wako, siagi yako, unakwenda siku zako za mavuno katika shamba la bwana, basi. Hata alipofariki walikuja kwa heshima kabisa. Wakamchagua ng'ombe wao, wakatupa pole, wakaondoka."

Mans akainua kichwa. "Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe bora wa zizini. Si ndiyo desturi? Mwenye karatasi akifa, bwana anachukua ng'ombe mmoja, aliye bora. Kisha kaka yangu akaenda kupiga magoti, akaandikiwa karatasi mpya."

"Mpya? Ya zamani ilikuwa na kasoro?"

"Haikuwa na kasoro, baba Anders. Ilikuwa ya baba. Amekufa, nayo imekufa." Alikuwa akimbembeleza Breta, akisema kama mtu anayeeleza jinsi ya kukanda unga. "Ardhi si ni ya bwana? Anakupa uishikilie tu. Wewe ulidhani ni yako moja kwa moja?"

"Ndiyo," Mans akasema. "Nilidhani ni yangu."

"Basi nyapara hakukueleza?"

"Alisema vyote vitakuwa vyangu."

"Ndivyo wanavyosema. Kila mtu anajua maana yake."

"Kwenu," akasema Mans. "Kwetu hakuna anayejua."

Isbel akatutazama mmoja mmoja, akaona nyuso zetu, ndipo akaelewa kwamba hakuwa amemsaidia mumewe. Akaona haya. Nikasogea nikaketi karibu naye, kwa sababu hakuwa na kosa. Alikua hivyo, kama sisi tulivyokua hivi.

Mans akawa anahesabu kichwani, ungeona midomo yake. "Kwa hiyo siku akina Anders wakinizika..."

"Watamchukua Flekka," Isbel akasema polepole.

Flekka ni ng'ombe wao mwenye mabaka, anayewanywesha maziwa wote. Nilimwona kaka yangu akimfikiria Flekka akitolewa zizini kwa kamba, na mwanawe Anders akipiga magoti kwa mtu wa kigeni ili alime alipolima babu yake. Kodi ya mfalme sote tunalipa, siagi na kitambaa cha sufu, na tunanung'unika. Lakini hakuna aliyewahi kupiga magoti Gardi, isipokuwa kuwasha moto.

"Lakini nyumba yangu bado inavuja," akasema, sauti imekwisha nguvu.

Nililomjibu sikuwa nimelipanga. Kichwani mwangu tangu asubuhi kulikuwa na neno moja tu, nyumba yangu, nyumba yangu. Lakini kama ni yangu kweli, basi mimi ndiye wa kusema nani aingie.

"Kaka," nikasema, "upande wa kaskazini, palipo na bustani yangu ya kabichi. Ukuta upo tayari. Egemeza hapo nyumba yako, utajenga kuta tatu tu badala ya nne. Mafungu yako ya shamba yatakuwa karibu na mlango wako. Mpaka utakapoezeka, watoto walale kwangu. Upande ule hauvuji."

"Na kabichi?"

"Kabichi zitahama. Zina miguu mifupi lakini zitahama."

"Olav atasemaje?"

"Olav atasema nimefanya vibaya, kisha atakusaidia kubeba mawe. Unamjua."

Gutherom akafungua kinywa aseme, nikamkazia macho, akakifunga. Kisha kaka yangu akainua bakuli la baba kwa mikono miwili, akanywa. Hakunywa kidogo kwa adabu. Alikunywa mpaka katikati, akashusha pumzi, akanipa mimi.

"Mzee alikuwa akipika nzito zaidi," akasema.

"Nimekwisha ambiwa."

Nikanywa iliyobaki. Nyingine nikaimwagia kifuani, na hakuna aliyenicheka. Gutherom akasema kwa sauti ya kazi kwamba warithi wamekunywa na majirani wameona. Bakuli likaanza kuzunguka, na kelele zikarudi.

Kabla giza halijaingia tulitoka kugawa mashamba. Mans aliokota ufukweni mawe mawili na mimi moja, kwa hesabu ya mafungu yetu, Gutherom akayatikisa ndani ya kofia, akatoa moja kwa kila kipande. Mans alipata kipande kimoja kizuri cha chini na kimoja cha ovyo. Mimi nilipata mteremko wa kati, ambao baba aliupenda na ambao, kusema kweli, hauna faida sana.

"Jumatatu nyapara atakuja," nikamwambia Mans tulipokuwa tunarudi. "Utamwambia nini?"

"Kwamba tumekwisha gawana."

"Atakasirika. Anaweza kwenda mahakamani kwao."

"Anaweza." Akatembea kidogo. "Huko atahitaji mimi niseme nataka vyote. Siwezi kusema hivyo sasa. Majirani wameona."

Sikujua kama hilo lingetosha, na yeye hakujua. Tulikuwa bado tunalifikiria tulipofika upande wa kaskazini wa nyumba na kumkuta Isbel amesimama katikati ya kabichi, Breta begani, akiupima ukuta kwa macho.

"Mlango msiuweke huku," akasema. "Upepo wote unaingia huku."

"Upepo wa Unst unaingia kote, mama Anders," Mans akamjibu.

"Basi uwekeni karibu na wa wifi. Nikijifungua usiku nimpigie kelele asikie."

Mans akachukua kijiti, akachora mstari kwenye udongo hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Nikaanza kung'oa kabichi za kwanza.