Kitanda cha Sentimita Tisini

Alhamisi moja ya mwezi wa Februari, saa tisa na nusu alasiri, Rihab Wagdi alipima upana wa chumba ambacho angelala baada ya kuolewa. Kilikuwa sentimita mia tatu na sitini. Alipima tena akianzia ukuta wa pili, akapata kipimo kilekile, kisha akaiachia futi kamba ijikunje ndani ya kasha lake.

"Mia na themanini," alisema.

Baba yake, Fundi Wagdi, alikubali kwa kichwa. Mchumba wake, Hazem, aliuliza kwa nini kitanda kisiwe cha mita mbili kamili. Alikuwa mwanamume mrefu, karani wa forodha huko Port Said, na alipenda vitu vya kujaza jicho. Rihab alimweleza kwamba kitanda cha mia na themanini kingeacha sentimita tisini kila upande. Hapo litakaa kabati dogo la pembeni, mlango wa kabati la nguo utafunguka wote, na mtu atapita bila kwenda upande kama kaa.

"Ukitaka cha mita mbili, utakipanda kutokea mlangoni," alisema.

Hajati Nabawia, mama yake Hazem, alicheka na kusema bibi harusi huyu hatapunjwa na mtu.

Rihab alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, na tangu amalize chuo alikuwa akikaa katika duka la baba yake, mbele ya karakana, akiwauzia watu vitanda. Dumyati inaunda vitanda vya Misri nzima, na wateja hutoka mbali wakiwa wamekwisha kuchagua kwa macho. Aliwaambia wote jambo moja: duka ni pana, kwa hiyo kila kitanda kilichomo dukani huonekana kidogo. Aliwauliza upana wa chumba kabla ya kuwauliza wanataka mbao gani. Mia na ishirini ni cha mtu mmoja anayependa kujinyoosha, au cha mama na mtoto wake. Mia na arobaini ni cha wawili wasiokosana. Mia na sitini kinawatosha mume na mke wanaolala chali. Mia na themanini ni cha wale ambao mmoja wao hugeuka-geuka usiku kucha. Aliwahi kumrudisha kwao bwana mmoja wa Tanta akapime upya, na bwana yule alikuja tena na bata mzima wa kumshukuru.

Kitanda chake mwenyewe alikuwa amekichora zamani. Ubao wa kichwani ulikuwa na mzabibu wa kuchongwa, vishada vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, kwa sababu mzabibu wa kweli hauzai sawasawa. Alimpa baba yake mchoro ule autunze mpaka siku yake ifike.

Ndoa iliandikwa mwezi wa Machi, miezi kadhaa kabla ya harusi, kama wafanyavyo wengi pale. Binti huwa mke kwa maandishi, lakini huendelea kulala kwa baba yake mpaka nyumba ikamilike. Chumba cha kulala ndicho pekee kilichokuwa kimekwisha kuwekwa vigae, kwa hiyo mfungisha ndoa aliwekewa meza humo. Alimwuliza Hazem kama ana mke mwingine. Hazem alisema hana. Fundi Wagdi, aliyekuwa walii wa bintiye, alimshika mkono Hazem chini ya kitambaa cheupe, maneno yakasemwa, sharubati ikagawiwa.

Wiki iliyofuata Rihab alikwenda kupimia mapazia. Upana wa chumba ulikuwa mia tatu na arobaini.

Aliazima futi kamba ya fundi wa vigae, nayo ikasema hivyohivyo. Fundi wa vigae alisema ni kweli, alilazimika kung'oa safu moja nzima kando ya ukuta wa mashariki. Alilalamika tu kwamba hakuambiwa mapema.

Fundi Wagdi alisema ni unyevu wa mto. Mbao huvimba, na ukuta nao si chuma.

"Tufanye mia na sitini," alisema. "Wewe mwenyewe huwaambia watu kinatosha."

Rihab aliukata ubao wa kichwani kwenye karatasi, akaondoa kishada kimoja. Ilipofika Mei chumba kilikuwa mia tatu na ishirini, na kitanda kikawa cha mia na arobaini. Mafundi wa karakana walizifupisha chaga kwa mara ya pili. Mmoja wao alisema shangazi yake alipatwa na jambo hilohilo kule Farskur, ila lake lilikuwa jikoni.

Upande wa pili wa ukuta wa mashariki, katika nyumba jirani, aliishi Mwalimu Labib, mstaafu wa jiografia aliyefiwa na mke. Rihab alimgongea mlango kumwuliza kama ameona badiliko lolote. Alikuwa ameliona. Chumba chake kilikuwa kimeongezeka kiasi kilekile, na katika nafasi mpya alikuwa ameweka kiti cha kusomea. Alimkaribisha chai. Alisema hana malalamiko yoyote. Ukuta husogea jioni, mume wake Rihab anapokuja kutazama ujenzi na kuongea kwa simu.

"Huongea na nani?" Rihab aliuliza.

"Na wewe, mwanangu. Husema, 'Rihab, kipenzi, Ijumaa hii pia nina zamu.' Nikilisikia hilo nanyanyua kikombe changu, kisije kikamwagika." Akamwongezea sukari. "Mtaendelea mpaka lini? Nauliza kwa sababu kuna meza nimeipenda sokoni."

Rihab alimwambia asiinunue bado. Alimaliza chai yake, kwa kuwa ingekuwa utovu wa adabu kuiacha.

Jumanne alimwomba Hazem amshikie ncha ya futi kamba. Hazem aliibana kwenye ukuta wa magharibi kwa kidole gumba, Rihab akaikaza upande wa mashariki mpaka utepe ukanyooka.

"Ijumaa utakuwa wapi?"

"Zamu, kama kawaida."

Utepe ulilegea, ukafanya tumbo kama kamba ya kuanikia nguo. Rihab aliukaza tena.

"Kuna mwanamke mwingine?"

"Hakuna, Rihab. Nani kakutia maneno hayo?"

Utepe ulipinda katikati ukagusa vigae. Rihab aliukaza, akasoma: mia mbili na tisini na tisa. Hazem aliutazama utepe, kisha akautazama ukuta uliokuwa karibu naye kuliko mwanzo. Hakuwa mtu mjinga.

"Kuna mke," alisema. "Port Said. Mwaka wa tatu sasa."

Utepe haukutikisika. Rihab alisubiri aone kama chumba kitarudi. Hakikurudi. Uwongo ulikipunguza, lakini ukweli haukukiongeza, na hilo alilithibitisha kwa kumwacha Hazem aseme yote aliyokuwa nayo. Alisema mama yake alitaka mkwe wa Dumyati tangu mwanzo. Alisema sheria ya dini inamruhusu. Alisema alikuwa akitafuta siku nzuri ya kumweleza. Utepe ulitulia kwa hayo mawili ya kwanza, ukalegea kidogo kwa la tatu. Alipofika kwenye kusema kwamba angewapenda wote wawili sawasawa, Rihab alikisikia kiti cha Mwalimu Labib kikisogezwa.

Kesho yake alimwita baba yake. Hakumweleza chochote, alimwambia tu kwamba anataka kupima kwa mara ya mwisho kabla kitanda hakijapakwa vanishi. Fundi Wagdi alishika ncha yake kama fundi, ukucha kwenye alama, bila kuhitaji kuambiwa.

"Baba, ulijua kwamba Hazem ana mke?"

"Ningejuaje, binti yangu?"

Hilo lilikuwa swali, na utepe ulibaki umenyooka.

"Nijibu."

"Sikujua."

Utepe ulilegea mkononi mwa Rihab.

Wote wawili waliutazama. Walikuwa wamepima pamoja tangu Rihab akiwa mtoto wa kushika ncha, na hakuna aliyehitaji kumsomea mwenzake. Fundi Wagdi aliachia ncha yake, utepe ukarudi ndani ya kasha kwa kishindo. Akakaa juu ya ndoo ya rangi.

Alieleza bila kuulizwa tena. Miaka mitatu nyuma alimwundia Hazem kitanda, akakipeleka Port Said yeye mwenyewe na kukifunga. Mke wa Hazem alimpikia wali wa samaki. Ni mwanamke mwenye heshima, hana baya. Baadaye Hajati Nabawia alipokuja kumposa Rihab, alisema ndoa ile inakaribia kuvunjika, na Fundi Wagdi hakuuliza mara ya pili. Rihab alikuwa anafikisha miaka thelathini na miwili. Kila jioni alimwona akifunga milango ya duka na kuzima taa juu ya vitanda vya watu wengine, na hilo lilimnyima usingizi.

"Kilikuwa cha ukubwa gani?" Rihab aliuliza.

"Mia na themanini."

"Na kichwani uliweka nini?"

Fundi Wagdi alivitazama viganja vyake.

"Mzabibu," alisema. "Vishada vitatu na viwili. Walikuwa na haraka, na mchoro ulikuwepo."

Siku zilizofuata Rihab alipewa ushauri na kila aliyekuwa na mdomo. Wakili alimwambia kwamba anaweza kudai talaka na kwamba kuna uwezekano wa kuipata. Mama yake alimwambia kwamba atakuwa mtalaka kabla hajalala nyumba ya mume hata usiku mmoja, na kwamba mdogo wake, Hind, anaposwa baada ya Ramadhani na watu wanaoulizia mambo hayo. Baba yake alikuwa akipiga msasa mbao ambazo zilikuwa zimekwisha kulainika. Rihab aliyapanga yote aliyoyasikia kama anavyopanga vyombo ndani ya chumba, akaona kwamba vyote vinaingia ila yeye.

Alikwenda karakanani akawaambia mafundi wakate kitanda upya, kwa sentimita tisini.

"Chumba bado kinabeba mia na ishirini," Fundi Wagdi alisema. "Hata mia na arobaini, tukibana."

"Tisini."

"Hicho ni cha mtu mmoja."

"Navijua vipimo, Baba."

Ubao wa kichwani ulikuwa mwembamba mno kubeba mzabibu. Aliuacha mtupu.

Hajati Nabawia alikuja dukani kukitazama. Alikizunguka, akaubonyeza ubao wa pembeni kwa kiganja, akauliza mwanawe atalala wapi.

"Port Said, Hajati," Rihab alisema. "Kule nafasi ipo."

Hajati alisema mke anayeanza na ulimi huishia na ulimi. Kisha aliomba apunguziwe bei ya kioo cha kujipambia cha binti ya dada yake, akapunguziwa.

Harusi ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya Septemba. Asubuhi fanicha zilipakiwa kwenye mikokoteni na kupitishwa mtaani kwa ngoma, kila kipande wazi, ili watu waone bibi harusi anaingia na nini. Waliona kabati la nguo la milango minne, wakasifu. Waliona viti vya sebuleni, wakasifu. Waliona kitanda, wakanyamaza mpaka mkokoteni ulipopita.

Wachukuzi wawili walikipandisha ghorofa ya nne bila kukifungua miguu, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kwa kitanda cha bibi harusi. Rihab aliwaelekeza wakiweke kando ya ukuta wa mashariki, mahali pake kitanda cha mtu mmoja, na waache nafasi ya kidole kimoja ili mbao zisisugue lipu. Alipima nafasi hiyo kwa kidole chake mwenyewe. Kiliingia na kutoka vizuri. Shangazi zake walitandika shuka jipya, wakalikunja pembe mara mbili kwa kuwa lilinunuliwa zamani, kwa kitanda kingine.

Chumba kilijaa watu. Shangazi Shahinaz, mkubwa wa wote, aliyekuwa ametoka Mansura asubuhi hiyo na hakuwa ameambiwa lolote, alisimama mbele ya kitanda akauliza hiki ni kitanda gani cha maharusi. Aliuliza kama bwana harusi atatundikwa kabatini pamoja na suti yake. Wawili watatu walicheka. Wengine walimtazama Fundi Wagdi, kwa sababu kazi ilikuwa yake.

Fundi Wagdi alisafisha koo.

"Rihab alikosea kupima," alisema.

Wanawake walipiga vigelegele kufunika mazungumzo. Rihab aliinama, akachomeka kidole kati ya kitanda na ukuta. Hakikuingia.