Soko Lililokataa Kufungua

Kwa, kwa, kwa. Kitu kinagonga udongo gizani, chini ya kitanda. Usiku wa jana niliota kibubu changu kimeamka, kinaniita.

"Mama Tunu, nitoe nje. Nimechoka kula sarafu."

"Lala," nikakiambia. "Kesho nafunga kibanda cha kushonea. Wateja hawaji. Umebaki wewe tu."

"Basi nakwenda mwenyewe."

Kikabingirika. Nakifuata, mlango wa chumba unatokea sokoni. Katikati, kwenye kitanda cha kamba, amelala Uchumi, shuka mpaka kidevuni. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni anampima homa.

"Alianza kupata nafuu," mwalimu akasema, "lakini imani ya wanunuzi imeshuka."

"Imeshukia wapi?"

"Kituo kilichopita," akajibu, hata hakutabasamu.

Wachuuzi wote wamekaa, kila ngumi imefungwa kwa kufuli. Yangu pia.

"Ningekushonesha gauni, mwanangu," akasema Bi Mgeni wa vitumbua, "lakini sijafungua." Ndiyo desturi yetu: kabla ya mteja wa kwanza hutoi pesa, utajitia nuksi. Akamwelekezea kidevu Hamdani, mshona viatu. "Namngoja yule."

"Mie?" Hamdani akaruka. "Ninunue kitumbua, na ndala za Tunu zimekatika tangu Ramadhani, mama yake hajazileta?"

"Mimi namngoja Bi Mgeni na gauni lake," nikasema.

Tukatazamana. Uchumi akakohoa. "Msihangaike, jamani. Nitakufa taratibu."

Kibubu kikajipigiza kwenye kufuli langu, kikatema sarafu moja. "Hiyo nuksi niachie mimi," kikasema.

Nikanunua kitumbua. Ta! Kufuli la Bi Mgeni likaanguka. "Haya, nipime gauni, na lisinibane!" Ta! Langu likaanguka, nikampa Hamdani zile ndala azishone. Ta! Hamdani akaitisha vitumbua vitatu. Uchumi akaketi, akaomba chai, akalalamika haina sukari.

Kibubu kikadai fungu lake. Nikakimegea kitumbua, nikakisukumia kwenye tundu la sarafu.

Nikaamka. Kumepambazuka. Ndoto tu, nikajiambia. Nikainama na sarafu niliyobakiza jana mkononi, niitie kibubuni, halafu nikafunge kibanda. Nikamkuta Tunu amepiga magoti, peku, pua juu ya tundu.

"Mama, kibubu kinanukia kitumbua."